Tunda Alilokula Ndirangu

Enzi zetu, na ninyi mliokulia upande wa Kiganjo mtanishuhudia, tulikula kwanza ndipo tukauliza. Siku za likizo uji wa asubuhi ulisahaulika mapema, githeri ya mahindi na maharagwe ilikuwa bado inatokota, na katikati hapo kulikuwa na ukingo wa msitu. Tulitumwa kuchuma mboga za jioni, managu na terere, na kikapu kilijaa polepole sana kwa sababu tumbo lilihudumiwa kwanza. Tulikula nathi, yale matunda ya manjano yanayokaa ndani ya ganda jepesi. Tulikula vyenye miiba, vyenye utomvu, na vingine vilivyotupaka meno rangi ya wino hadi kanisani Jumapili.

Msidhani tulikuwa wajinga. Tulikuwa na utaalamu wetu. Mmea tusioujua ulipelekwa kwa mbuzi. Mbuzi akila, tunakula. Akigeuza uso, tunaacha. Sijui nani alianzisha sheria hiyo, lakini hakuna aliyewahi kuipinga, hata mbuzi mwenyewe.

Siku moja ya Agosti, baridi ikiwa imeingia hadi kwenye mifupa, kaka yangu Ndirangu alikuta kichaka ambacho hatukuwahi kukiona. Majani yalikuwa na manyoya upande wa chini, na matunda mekundu yaling'aa kama yamepakwa mafuta. Ndirangu alikuwa darasa la sita, cheo ambacho kwetu wadogo kilikuwa sawa na uprofesa. Tukamvuta mbuzi wa nyumbani. Akala majani kwa furaha, akaomba mengine. Basi Ndirangu akala matunda, kiganja kizima. Kwamba mbuzi amekula majani na yeye anakula matunda ni jambo ambalo profesa hakuliona, na sisi wanafunzi wake hatukuliona pia.

Githeri haijaiva, Ndirangu alikuwa amelala kando ya ua akitapika, macho yamegeuka, mikono baridi. Mama akaja mbio na mwiko mkononi.

"Amekula nini? Hiyo kitu inaitwa aje?"

Nikasema sijui. Nikaongeza, kwa nia ya kumfariji, kwamba mbuzi hana shida yoyote. Sitaki kuwaambia ule mwiko uliishia wapi.

Mama akambeba Ndirangu mgongoni kama mtoto mchanga, miguu yake mirefu ikiburuta. Akataka nimwonyeshe kichaka chenyewe, akaking'oa na mizizi yake, akanipa nikibebe, tukashika njia ya zahanati. Nililia njia nzima. Niliogopa kweli kwamba kaka yangu angefia pale pale mgongoni kwa mama.

Na njiani, jamani, kila mtu alikuwa mtaalamu. Cucu mmoja, bibi wa jirani, alinusa jani akasema hiyo ni dawa ya tumbo. Mwenye duka akasema ni sumu ya panya, ati hata harufu yake tu inaua. Kurutu mmoja wa polisi aliyekuwa akikimbia mazoezi na wenzake alipunguza mwendo kutuambia kwamba kwao hiyo ni mboga ya wageni. Mama alizidi kukaza mwendo.

Nesi wa zahanati alikitazama kichaka kwa muda mrefu.

"Mama, kijana amekula nini?"

"Si ndio hii nimekuletea."

"Mimi nilisomea watu. Hii mti peleka kwa watu wa kilimo."

Lakini alimhudumia. Alimnywesha dawa nyeupe na maji mengi, tukakaa kwenye benchi tukimtazama akipumua. Jioni Ndirangu alifungua macho akauliza kama githeri imebaki. Mama alicheka na kulia kwa pamoja. Jina la kile kichaka halikujulikana siku hiyo, na mimi silijui hadi leo.

Vijana wa leo wametuacha mbali. Nyawira, binti ya Ndirangu, huja kutoka Nairobi na viatu vya kupandia mlima ambavyo havijawahi kukutana na matope. Tukitembea upande wa Naro Moru, hakuna jani linalopita bila kupigwa picha. Simu inafikiri kidogo, inatoa jina la Kilatini, naye analituma kwa marafiki zake, nao wanajibu kwa mioyo. Mwenyewe hali chochote.

"Anko, usikule! Ngoja niskani kwanza," aliniambia siku moja, na mimi nathi iko mdomoni tayari. Nathi! Siku hizi zinauzwa supamaketi ndani ya kijisanduku cha plastiki, eti ndiyo maana yeye anaziamini za huko. Nilicheka hadi nikapaliwa.

Mwaka juzi Ndirangu aliugua, na sikucheka. Hospitali kubwa ilijua jina la ugonjwa siku ya kwanza. Nyawira akaliandika kwenye simu, na simu ikajua kila kitu: unaanzia wapi, unaelekea wapi, unamwachia mtu muda gani. Safari hii hakuna aliyebishana na mwenzake. Wataalamu wote walisema jambo moja, na ikawa vile vile walivyosema. Tulimzika kabla ya masika.

Nyawira bado anapiga picha majani, na mimi simzuii. Ila namwonea wivu mama yangu. Alikwenda na kichaka ambacho hakuna mtu aliyejua jina lake, akarudi nyumbani na mwanawe.