Taa ya Ndayisenga Inawaka Hotelini

Saa mbili asubuhi mtaa wa Kilibula mjini Uvira, mashariki mwa Kongo, hauna umeme tena, lakini Léocadie Mapendo anawasha taa. Anazungusha koki ya shaba, mshale wa geji unapanda taratibu, na balbu ndogo ndani ya kioo cha karabai inaanza kung'aa kwa betri iliyofichwa kwenye tangi. Geji hiyo haipimi chochote. Ipo kwa ajili ya uzuri tu.

Léocadie, mwenye miaka 47, ni fundi wa kulehemu. Zamani alitengeneza karabai za wavuvi wa ndagala, dagaa wa Ziwa Tanganyika. Wavuvi walipohamia taa za sola, yeye akabaki na rundo la shaba na njaa.

Ndipo akaanza kuzigeuza karabai kuukuu kuwa taa za mezani, redio na vifaa vya kuchajia simu, mabomba na skrubu vikiwa nje nje. Wageni wana jina la mtindo huo, stimpanki: vyombo vya leo vilivyovikwa sura ya enzi za mashine za mvuke.

Mjini Uvira vyombo hivyo havina soko. "Hapa bantu banauliza, 'Mama, mbona haujamaliza? Funika basi ile matumbo!'" anasema, akicheka bila furaha.

Wanunuzi wake wako Bujumbura. Kwa kawaida wavuvi huchora majina yao kwenye tangi kwa msumari ili taa isiibwe, na mwanzoni Léocadie aliyafuta kwa msasa. Msimamizi wa hoteli moja akamkataza: taa iliyofutwa dola 30, yenye jina dola 50.

"Alisema jina inaleta historia. Basi nikaacha musasa."

Historia ya nani, hakuna aliyeuliza. Aibu hiyo wanaigawana wote wawili, ingawa mmoja tu ndiye anayeikiri.

Machi mwaka huu Providence, mjane anayeishi mtaa wa Songo, aliingia karakanani na simu mkononi. Kwenye picha, jirani yake muuza vitenge alikuwa amesimama mbele ya kaunta ya hoteli ile. Nyuma yake ilining'inia taa iliyoandikwa NDAYISENGA, herufi S ikiwa imegeuka kinyume. Ndayisenga, mume wa Providence, alisoma miaka miwili tu, na S yake haikunyooka maisha yake yote.

Alizama ziwani miaka mitatu iliyopita. Mtumbwi ulirudi ufukweni bila yeye, na taa iliibwa kabla mkewe hajafika. Mwili haujaonekana hadi leo. Léocadie aliinunua taa hiyo kwa mwokota vyuma, dola tatu.

"Minye sina kaburi, dada," Providence alimwambia. "Ile jina njo ilibakia, na weye ukaiuzisha."

Léocadie hajitetei. "Niliisoma. Nilijua iko ya muntu. Sikuuliza, juu nilikuwa na haraka ya kuuzisha."

Amevuka mpaka mara mbili kuiomba, akiwa na dola 50 zote mkononi. Msimamizi hataki pesa. Chini ya taa kuna kadi inayowaambia wageni kwamba ni zawadi ya nahodha mzee aliyestaafu. Providence alipoelezwa hivyo alijibu, "Ndayisenga hakuzeeka."

Hatimaye hoteli ilitoa sharti: alete taa nyingine yenye jina la mtu, wabadilishane.

Léocadie alikuwa na karabai nne za namna hiyo. Badala ya kuchagua moja, alizunguka fukweni mwezi mzima akiwatafuta wenyewe, na zote nne amezirudisha bila malipo. Rafuni imebaki moja isiyo na jina.

Sasa ameilaza mezani. Anaigonga nyundo mara mbili ibonyee, anaipaka masizi ionekane ya zamani, kisha anachukua msumari na kuanza kuandika: LÉOCADIE.

Alhamisi atavuka na Providence. Je, haogopi kwamba hiyo nayo hoteli itaitungia kadi ya uongo?

"Badanganye juu yangu," anasema, bila kuinua macho. "Minye niko muzima. Nitaweza kubajibu."