Mafuta ya Mbegu za Mama

Kwetu Masisi, anayekuletea kasiksi, pombe ya ndizi, anaonja yeye kwanza, mbele ya macho yako, ndipo kikombe kizunguke. Sumu inaogopwa kuliko risasi.

Tulikuwa kambini Sake, chini ya bashi la plastiki, tumekimbia vita kijijini kwetu Kingi. Mawese hayakupanda tena kutoka Walikale, barabara ilikuwa imefungwa. Binti yangu, aliyekuwa hajaanza hata kusema vizuri, alikonda mpaka ngozi ya matako ikakunjamana. Muganga wa santre ya afya akaniambia, "Mama, utie mafuta mu uji yake. Bila mafuta huyu hatapona." Mafuta gani? Nilitaka kumrukia.

Mama yangu, mzaliwa wa Walikale, alikuwa amebeba mfuko wa mbegu za mti wa porini kwao. Akazikaanga, akazitwanga, akazichemsha, akaengua mafuta yaliyoelea juu. Harufu yake, jamani! Nikampelekea mtoto kijiko. Mama akanipiga mkono.

"Acha! Bibi yako njo alikuwa anatengeneza, miye nilikuwa mutoto. Sikumbuke yote. Nionje kwanza, siku kidogo."

Akawa anakunywa kijiko asubuhi, kijiko jioni, akicheka kwamba angalau yeye atanenepa. Wiki haijaisha, tumbo likamwendesha, akalala hajitambui.

Sasa wasikie majirani. "Si tulisema? Ni ile mafuta!" Kambi nzima ilikuwa inaharisha, hata wale ambao hawakuona tone lake, lakini nani alitaka kufikiri? Mimi mwenyewe niliamini. Nikaificha chupa ya mafuta, nikaendelea kumpa mtoto uji mtupu.

Mama alipopata nguvu za kukaa, kitu cha kwanza alichouliza ni kama mtoto anapata mafuta. Nikamwambia mafuta ndiyo yaliyomwangusha.

"Uko na wazimu? Ni maji njo ilinigonjesha, sawa watu wote!"

Akaidai chupa, akanywa mafunda mawili kwa hasira tupu. Kesho yake alikuwa anafua nguo. Lakini mtoto hakuweza tena kumeza. Uji wenye mafuta ulimtoka pembeni mwa mdomo, nikawa naupangusa na kuurudisha, naupangusa na kuurudisha. Tulimzika nyuma ya kambi, kwenye mawe meusi. Nililia nikitukana kila mtu, na mimi nikiwemo.

Watu wa matanga lazima wale. Hatukuwa na kingine, nikaunga maharage kwa mafuta yale. Sahani zikawekwa chini, hakuna mkono uliosogea. Walikuwa wananiangalia mimi. Nikachota, nikameza mbele ya macho yao.

Wakangoja kidogo, halafu wakala mpaka sufuria ikakwanguliwa. Mama jirani, yule yule wa "si tulisema", akaramba vidole.

"Mafuta iko muzuri sana, dada," akaniambia. "Inabakia kidogo?"