Kipimo Kinachosema

Timotheo wa mtaa wa Usagara, fundi wa redio na simu, ana mdomo. Babu yake alitoka Unyamwezi kuja kukata mkonge huku Pongwe, akazikwa huku huku, na mjukuu akarithi kwake mambo mawili: rozari, na utani na Wazigua. Mzigua akifa, Timotheo yuko msibani anadai sanda avae yeye. Mzigua akinunua shati jipya, Timotheo anamuuliza ameliiba kwenye kamba ya nani. Ndiyo desturi. Mtani hukutukana ukacheka, na ukikasirika, mwenye aibu ni wewe.

Mtani wake mkubwa ni Uweso, Mzigua, mwalimu mstaafu wa Chumbageni. Walijuana kwenye uwanja wa gofu. Na msinishangae mkisikia fundi redio anacheza gofu. Uwanja wetu si wa matajiri, una mbuzi wa jirani na fimbo zetu nyingi ni za mtumba. Uweso ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa wachezaji kwa miaka mingi. Mwaka huu akasema amechoka, anang'atuka, na wenzake wakaamua kumpa zawadi ya kumuaga: kile kifaa cha GPS kinachomwambia mchezaji shimo liko umbali gani.

Nani achague? Fundi, bila shaka. Timotheo akalifanyia kazi jambo hilo kwa siku kadhaa, simu mkononi, miwani puani. Aliona kwamba viko vya aina mbalimbali. Kuna cha kuchungulia kama darubini, ila hicho hulenga kibendera kwa mwanga na si cha GPS. Kuna saa ya mkononi, nyepesi, namba zinasomeka. Kuna na kidude kidogo cha kubana kwenye kofia, ukikigusa kinatamka umbali kwa sauti. Akahakikisha kwanza kama ramani ya uwanja wetu imo, maana viwanja vidogo vingi havimo, na bila ramani unabaki na pambo tu. Himyar, mwenye duka la vitambaa na mcheza mwenzao, alisema kwa kifupi kwamba chochote watakachochagua ni sawa, ila wengine wote walisema saa. Hata Timotheo alijua saa ndiyo nzuri.

Lakini akakumbuka mambo. Mwezi uliopita Uweso alimimina chai pembeni ya kikombe. Juzi alipita sokoni bila kumjibu salamu mpaka alipoitwa kwa jina. Na mipira yake siku hizi, kila akipiga, anauliza, "Umeona ulikoangukia?" Timotheo aliyaona yote hayo, na yote aliyaweka akiba, kama mtu anayeweka kuni za kupikia sherehe. Akamwandikia mpwa wake Leticia aliyeko Dar es Salaam: acha saa, nunua kile kinachosema.

Jumamosi ya kuaga ikafika. Barazani kwa Himyar kulikuwa na sambusa, kahawa, na Hasina, mke wa Uweso, ameketi karibu na mumewe. Timotheo akasimama na kiboksi chake.

"Jamaa zangu, nyie mlitaka saa. Saa ya nini kwa Mzigua asiyeona hata mguu wake? Kipofu hupewa fimbo, na huyu mtumwa wangu nimemletea fimbo inayosema. Haya, baba, papasa!"

Watu wakacheka, wakapiga meza. Timotheo akafumba macho, akatembea akipapasa hewa, akaigonga nguzo makusudi. Wakazidi kucheka. Uweso naye alicheka, tena kwa sauti kubwa kuliko wote, akanyoosha mkono kupokea na mkono ukapita kando ya boksi. Hata hilo watu walilicheka, wakidhani ameingia mchezoni. Hasina peke yake hakucheka. Alijifunika mtandio vizuri akainama.

Baadaye Himyar alimvuta Timotheo nyuma ya nyumba, kwenye bomba la maji.

"Wewe, Timotheo, huna habari? Yule ana presha ya macho. Jicho moja limekwisha, la pili lafuata. Mimi ndiye nimpelekaye hospitali."

"Mbona hamkuniambia?"

"Alinikataza wallahi. Na wewe hasa. Alisema, Mnyamwezi akijua hatanitania tena, ataanza kunihurumia."

Mzaha mzaha hutumbua usaha, wahenga walisema, na Timotheo alibaki pale bombani mikono inachuruzika maji. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Kilichomuuma zaidi si kutojua. Angeweza kujitetea kwa kutojua. Kilichomuuma ni kwamba macho yake yeye ni mazima, na alikwisha kuyaona yale yote, chai iliyomwagika, salamu iliyopita, akayafanya ya kuchekea.

Jumatatu alikwenda Chumbageni. Alivaa shati la kanisani, na hilo lilikuwa kosa la kwanza. Hasina akampokea kwa adabu, akamkaribisha ndani, akaondoka zake.

"Mwalimu," Timotheo akaanza, "nimekuja kukuomba radhi. Sikujua. Mungu ananiona, sikujua."

Uweso akainua uso. "Mwalimu? Tangu lini mimi mwalimu wako?"

"Nisamehe ndugu yangu. Na pole sana."

"Pole ya nini? Nimekufa?" Sauti ya Uweso ilipanda. "Jumamosi ulinitukana mbele ya watu, nikajiona mzima kama wao. Leo unanijia na pole. Nitukane, bwana! Si unajua kutukana?"

Timotheo akafungua mdomo. Alikuwa na maneno mia, ya macho, ya Wazigua, ya upofu, yote akiyajua kwa moyo. Hakuna hata moja lililotoka. Aliyaonea kinyaa.

Uweso akatafuta kofia yake kitini, akabana kile kidude ukingoni. "Twende uwanjani," akasema.

Asubuhi ile hapakuwa na mtu. Uweso akagusa kofia, na sauti ya kike ya Kizungu ikataja yadi zake.

"Umbali nimeusikia. Upande gani?"

Timotheo akamshika mabega, akamgeuza polepole kwa heshima zote. Uweso akaikung'uta ile mikono. Akapiga. Mpira ukaruka kombo, ukavuka njia, ukaingia vichakani kwa kishindo, na mbuzi wa jirani wakatoka mbio wakilia. Wiki moja tu nyuma Timotheo angegaagaa majanini kwa kicheko, na habari ingekuwa imefika Usagara kabla ya adhuhuri.

Uweso akasimama, kichwa amekiinamisha upande wa mtani wake, anasubiri.

"Umepiga vizuri," Timotheo akasema. "Vizuri sana, ndugu yangu."

Uweso aliibana fimbo kwapani, akaivua kofia, na akaanza kurudi nyumbani peke yake.