Tairi Letu Lilitutangulia

Nilikuwa naendesha, mama yuko kiti cha nyuma, tukapitwa na tairi.

Tairi tupu, bila gari. Likatupita upande wa kulia, likashika barabara utadhani linajua linakokwenda.

Mama akasema, "Maskini, kuna mtu kapoteza tairi."

Kabla sijamjibu, nyuma kukadidimia, chuma kikaanza kusaga lami. Hapo nikajua huyo maskini ni sisi.

Chanzo cha yote kina jina la utani: Injinia. Ni shemeji yangu, mume wa dada yangu. Uinjinia wenyewe aliupata kwa kutazama video akiwa amejilaza kwenye kochi.

Gari lilikuwa la marehemu baba. Kuukuu, la enzi za nati za inchi, ila baba mwenyewe aliwahi kulibadilishia ekseli ya nyuma, akaweka ya gari la miaka ya karibuni, yenye bolti za milimita.

Mama alikuwa na ombi moja tu: apelekwe kumwona kaka yake mgonjwa, na apelekwe na gari la mumewe. Injinia akajitolea kulifufua, kichwa kikamvimba.

Mimi nauza vipuri. Nikamwambia, "Shemeji, tairi za nyuma usizifunge na nati za inchi. Zinaingia kwenye bolti za milimita vizuri tu, unakaza, unajisifu, kumbe meno hayajashikana. Nati ikiingia kilaini hivyo, iogope."

"Nati ni nati, shemeji. Wewe uza, ufundi niachie mimi."

Nikampa nati za milimita hata hivyo, bure. Siku ya safari vifuniko vya tairi vilikuwa vimeshapachikwa, vinang'aa. Nikamuuliza kafunga nati zipi.

"Zile zile zako. Huniamini?"

Nikamwamini. Mjinga ni mimi pia, lakini yeye kanizidi kwa mbali.

Basi gari likasimama limeinama upande mmoja. Injinia, dada na watoto wao walikuwa wanakuja nyuma yetu na gari lao. Wakashuka. Nikaenda kwenye tairi la nyuma lililobaki, nikabandua kifuniko.

Nati za inchi. Nilizizungusha kwa vidole.

"Ulisema umefunga zangu."

"Barabara yenyewe mbovu," akasema, huku amesimama kwenye lami iliyonyooka, haina hata shimo. Mtu mzima na ndevu zake.

Mama alikuwa amekaa kando ya barabara, kiatu kimoja kimebaki garini. Dada akamkumbatia, akilia, kisha akamgeukia mumewe kwa hasira.

"Si ulisema hizo nati zingefika mpaka kwa mjomba?"



Mama akajitoa mikononi mwa dada taratibu. "Kumbe ndiyo maana mlikataa wajukuu wangu wapande na mimi."

Injinia aliinama akajifanya anakagua ekseli, kitu asichokijua mbele wala nyuma.

Yeye namdharau, na hilo halinipi taabu. Dada yangu ndiye sijui nimfanyeje. Ananipigia simu, naiacha iite mpaka inyamaze.

Nawaachia hili moja tu. Fundi akikukabidhi gari, usimuulize kama amekaza vizuri. Mwambie apakize wanawe kwanza, halafu mtazame usoni.