Ngoro Nilizoziona Ng'ambo

Jumamosi moja nilishuka mjini Mbinga kuchukua dawa za presha, nikapitia dukani kwa binti yangu mdogo, anakochapa barua za watu na kutoa kopi. Hakukuwa na mteja. Nilimkuta anarusha ndege kwenye kompyuta, mchezo wenye usukani wake mezani na ramani ya dunia nzima.

"Shikamoo baba. Kaa hapo, funga mkanda."

"Marahaba. Inakwenda wapi?"

"Kwa dada."

Nikakaa, macho kwenye kioo. Dada yake, mzaliwa wangu wa kwanza, anaishi Kanada na mumewe, na ilikuwa miaka sita hatujasemezana. Kosa lilikuwa langu. Alipochagua kuolewa na kijana wa Lipingo, kule ziwani, nilikataa kwa kuwa kijana ni Mwanglikana nasi ni Wakatoliki, na kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kuahidiana na rafiki yangu wa kwetu Maguu kuhusu mwanawe. Ukoo ulipokaa sengu, ule mlo wetu wa pamoja ambapo mambo husemwa yakaisha, mimi nilisukuma sahani nikasema sina binti wa kwanza. Harusini sikwenda. Waliposafiri sikuwaaga. Tangu hapo mama yake alikuwa akizungumza naye kwa simu nyuma ya nyumba, kwenye migomba, nami najifanya sisikii huku nikisogeza kiti dirishani.

Kwenye kioo ilitandaa nchi tambarare isiyo na kilima hata kimoja. Nilipokuwa sekondari nilizikariri nyanda zile, ngano yake na reli yake, nikazichora kwenye mtihani na kufaulu vizuri. Sikuwaza kwamba wajukuu wangu wangekuja kuzaliwa ndani ya ramani ile. Kisha ukatokea mji, na mto mpana umejipinda katikati yake, una madaraja mengi kuliko niliyowahi kuvuka maishani. Ndege ilikuwa ikipita juu yake taratibu, na kivuli chake kikituandama majini.

"Mapaa yote yanafanana," binti yangu alisema. "Ngoja nimpigie."

Aliiweka simu mezani, sauti ikiwa wazi. Kwetu ilikuwa saa kumi alasiri, kwao asubuhi.

"Dada, niko juu ya mji wenu, nimepotea."

"Wewe! Leseni kakupa nani? Haya, fuata mto. Ukiona daraja la reli, kata kulia."

Mdogo wake hakukata kulia. Tulipitiliza mpaka nje ya mji, juu ya mashamba, na hapo nikaona miduara mikubwa ya kijani, imepangwa safu kwa safu. Nikasahau kwamba simu ilikuwa wazi.

"Ala! Kumbe na hao wanalima ngoro!"

Sisi Wamatengo tunachimba ngoro, yale mashimo ya kwenye miteremko, ili mvua isiondoke na udongo. Mtu wa kwetu akiona duara shambani, haoni kitu kingine.

Simuni kikatoka kicheko nilichokuwa nakijua tangu mwenye nacho hajaota meno.

"Ngoro! Kwenye tambarare hii! Maji yateremke yaende wapi? Hayo ni mabomba ya kumwagilia, yanazunguka." Kicheko kikakatika. "Nani huyo? Baba?"

Mdogo wake aliisogeza simu upande wangu.

"Shikamoo, baba."

Neno la kuitikia bila kufikiri, nami likanishinda. Heshima ile sikuwa na haki ya kuipokea.

"Usiniamkie kwanza," nilisema. "Nilisema sina binti. Nilisema mbele ya watu wanakula. Haikuwa dini, wala haikuwa ziwa. Ni kiburi changu. Nimekukosea wewe na mumeo. Nisameheni."

Mdogo wake alikuwa ameachia usukani, anajifuta macho kwa kanga. Ndege iliinamisha pua, shamba likaja likajaa kioo chote, kila kitu kikasimama, hata mngurumo wa ndege.

"Mbona kimya?"

"Dada, tumeanguka."

"Na baba yumo?"

"Yumo."

"Basi mtoeni, ana presha huyo." Nikasikia anavuta kamasi. "Baba, shikamoo yangu bado."

"Marahaba, mwanangu. Marahaba."

"Sikufichi, iliniuma. Bado inauma. Mambo ya sengu tutayasema kwenye sengu, siku tukija, mume wangu akiwepo. Lakini kesho saa hizi hizi rudini. Pitisheni ndege polepole, watoto watatoka nje wampungie babu yao."

"Nitawaonaje? Hiyo si picha tu?"

"Hutawaona. Wao watajua unapita."

Sikupanda gari la Maguu siku ile. Nilivuta kiti karibu na meza, binti yangu akaweka mkono wangu juu ya usukani, na mpaka anafunga duka nilikuwa nimejifunza kuinua pua ya ndege na kufuata mto bila kupitiliza.