Sekela na Jina la Baba Mkwe

Kwa miaka kumi na tisa Sekela wa Suma hakulitamka jina la baba mkwe wake, na msidhani ni mchezo. Wakwe wa siku hizi wanamtaja mzee huku wanatafuna karanga. Sekela, hapana. Mzee akitokea njiani, yeye huingia migombani, akajifunika kanga kichwani na kugeukia upande wa pili mpaka apite. Na mzee naye hugeuza uso. Ndivyo Wanyakyusa wa zamani walivyoheshimiana. Alipofiwa na mumewe, watu wakasema sasa atafukuzwa. Mzee akatuma neno kwamba mkwe anayemheshimu hivi haondoki kwake. Basi heshima ile ndiyo iliyokuwa hati yake ya kiwanja, hakuwa na nyingine.

Pale kiwanjani alikuwa na kitalu cha miche ya parachichi. Tatizo lilikuwa shemeji yake Obed, naye ana kitalu, tena kikubwa, kwa jina la baba yake, mzee yule yule: Miche ya Ambindwile. Wanunuzi wa Njombe na Iringa hawakujua jina jingine. Ilikuwa mwaka 2019, biashara huria imekolea, kila mtu anajitafutia wateja wake. Sekela akapanda bodaboda hadi Tukuyu mjini, mtaa wa Bagamoyo, kwa Lilian, binti wa duka la kompyuta anayetengeneza matangazo ya mtandaoni.

"Mama, watu wakitafuta miche kwenye simu huwa wanaandika nini?" Lilian akauliza.

Sekela akaomba kalamu. Akaliandika jina kwenye kikaratasi, akakisukuma mezani huku anatazama dirishani. Kuandika si kutamka, alijiambia. Lilian akamweleza kwamba anayetafuta kitalu kile atakutana na tangazo lake kwanza. Hilo Sekela alilitaka, tusimpambe. Ila hakuuliza tangazo lenyewe litasomekaje.

Siku ya tatu Obed akaingia kitaluni na simu mkononi. Hakusalimia.

"Shemeji, soma."

Sekela akasoma. Mtambo wa matangazo ulikuwa umelichukua lile neno la kutafutia na kulipachika juu kabisa, kwa herufi za buluu: Miche ya Ambindwile, piga kwa Sekela. Chini yake namba yake ya simu. Akakaa juu ya ndoo. Ilikuwa sawa na kusimama sokoni na kipaza sauti, akamwita mzee nchi nzima isikie.

"Umeandika wewe?"

"Niliandika. Haki ya Mungu sikulisema, shemeji."

"Mzee amesomewa asubuhi."

Sekela akampigia Lilian, tangazo likaondolewa saa ile ile. Alasiri mzee akatokea njiani na fimbo yake. Sekela akakimbilia migombani, akajifunika, akageuka, akangoja nyayo zipite. Hazikupita. Zilikuja zikasimama nyuma yake.

"Habari za leo, mama," mzee akasema, tena kwa Kiswahili, kama anavyosalimiwa mgeni aliyeshuka kwenye basi. "Geuka tu, usiogope. Mkwe wangu hanitaji jina, kwa hiyo wewe si yeye. Nimekuja kukuuliza, miche yako utaihamishia wapi?"