Mashine ya Kwandu Ilipozinduliwa

Zamani, mavuno yakiisha, Wagika na Wagalu, vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma, walipiga ngoma viwanja viwili vikitazamana, na hapakuwa na jaji mwenye karatasi. Umati ndio uliohukumu. Upande uliovuta watu ulishinda. Upande uliobaki na jamaa zake tu ulirudi nyumbani kimya. Leo ngoma hizo huchezwa robo saa mbele ya wageni wa serikali, kisha wachezaji wanagawiwa soda. Mzee Mahona, aliyekuwa manju, yaani mtunzi na kiongozi wa nyimbo, wa Wagika huko kijijini Nkololo, aliikataa soda hiyo, na tangu siku ile hakuimba tena.

Binti yake Kwandu alikulia mgongoni mwa mama yake katika ngoma zile. Ndoa ilipomshinda, alirudi kwa baba, aliyekuwa amehamia Bariadi mjini, akaomba chumba cha uani kilichokuwa cha kuwekea pamba. Akafunga humo runinga na mashine ya gemu. Vijana wakawa wanacheza mpira wa kwenye kioo, na mpira huo ukawa unamsomeshea mwanawe. Lakini mashine ilizeeka, na wachezaji wakahamia kwa Lusajo, mtu wa Mbeya aliyefungua chumba chake ng'ambo ya barabara. Hapo kaka mtu, Ndaki, akaanza kudai chumba kirudishiwe pamba.

Kwandu akauza cherehani yake, akaagiza mashine mpya kabisa kutoka Mwanza.

"Zindua Jumamosi," baba yake akamwambia. "Ikishindikana, pamba inarudi ndani."

Jumamosi uani palifurika, maana ilikuwa siku ya mnada na hata watu wa Nkololo walipita kutazama. Kwandu akaichomeka mashine. Kioo kikawaka, kikaandika kwamba gemu lazima ipakuliwe kwanza kwa mtandao. Mstari mwembamba ukaanza kutambaa kama konokono, ukasimama, ukatambaa tena.

"Dada Kwandu, hiyo mashine au kabati?" mmoja akapaza sauti.

"Twendeni kwa Lusajo, kule mpira umeshaanza!"

Kwandu akaona migongo inaanza kugeuka. Alizijua habari za migongo. Zamani, ngozi ya ngoma ya Wagika ilipopasuka katikati ya mchezo, baba yake hakumsubiri fundi. Aliwarukia Wagalu kwa wimbo wa kejeli, na hakuna aliyekumbuka kwamba ngoma imenyamaza. Basi Kwandu akapanda juu ya gunia moja kati ya magunia ya pamba yaliyokuwa nje, akawagawa watu, wa mjini huku, wa Nkololo kule, akaanzisha kwa sauti kavu:

"Watu wa mjini, ng'ombe mnamjua kwenye supu!"

Nkololo wakaitikia huku wakirukaruka. Mjini wakajibu palepale:

"Watu wa Nkololo, pedi ya gemu mnaishika kama jembe!"

Wakajibizana hivyo hadi jua likazama. Lusajo mwenyewe alivuka barabara, wachezaji wake wakimfuata. Mstari kwenye kioo haukufika mwisho, na hakuna aliyecheza.

Watu walipotawanyika, Ndaki akasimama mbele ya baba yake. "Imefeli. Uzinduzi wa gemu, gemu yenyewe haikuchezwa! Afadhali harusi iliyokosa bibi harusi, wali unaliwa."

"Imefeli wapi, kaka?" akadakia Precious, rafiki wa Kwandu, muuza vitumbua. "Hata Lusajo alikuja."

"Alikuja kucheka."

"Akacheka mpaka giza likaingia! Chumba chake alimwachia nani?"

Kwandu akayatazama yale magunia. Mzee Mahona, ambaye mchana kutwa hakutoka chumbani kwake, akisikiliza tu kupitia dirishani, akauliza, "Watu waliondoka?"

"Hawakuondoka, baba, lakini..."

"Wa ng'ambo walivuka?"

"Walivuka," Ndaki akajibu. "Lakini baba, hii si ngoma."

"Sijauliza ni nini." Akamgeukia binti yake. "Ule ubeti wa supu, mayu, mama yangu, ulichelewa kuuongezea wa pili. Ukiwapa watu kicheko, usikiache kipoe." Kisha akamwambia Ndaki, "Magunia ingiza chumbani kwangu."

"Utalala wapi?"

"Pembeni yake. Pamba haikoromi."

Kwandu akapiga magoti, akashukuru.

Ngoma zile hazitarudi, tusidanganyane. Waliozijua wanazikwa mmoja mmoja, na vijana wanadhani shindano ni kubonyeza vidole. Lakini Jumapili, watu walipotoka kanisani, gemu ilikuwa imekwisha kupakuliwa na uani hapakuwa na pa kukanyaga. Mzee Mahona akaja na kigoda chake, akakaa akiwa amekipa kioo mgongo, akawa anatazama nyuso za watu tu. Kwandu akamletea soda.

Akaipokea kwa mikono miwili.